Choroa na Mdiria: Mlinganisho wa Viumbe Wawili wa Mto Mmoja

Mlinganisho huwa na tija pale tu pande mbili zinapopimwa kwa kigezo kimoja. Makala haya yanawalinganisha choroa, mamalia wa nyika kame, na mdiria mwenye rangi nyeupe na nyeusi, ndege mla samaki. Kigezo ni maji.

Viumbe hawa huunganishwa na mto mmoja. Mto uitwao Athi katika nyanda za juu huwa Galana upitapo Tsavo Mashariki, penye makao ya choroa, kisha huitwa Sabaki ufikapo Jilore, magharibi ya mji wa Malindi. Mafuriko yake ndiyo yalishayo ziwa la Jilore.

Choroa ameumbwa kuyahifadhi maji mwilini. Wakati wa hari kali, badala ya kutoa jasho, huacha joto la mwili lipande hadi kiasi cha nyuzi 45 za Selsiasi. Damu iendayo ubongoni hupozwa kwanza na ile iliyopoa puani. Aidha, hula usiku, majani makavu yanapofyonza unyevu wa hewa, na mkojo wake ni mchache na mzito. Kwa maumbile ya namna hii, jamaa yake wa Arabuni aliweza kurejeshwa katika jangwa la Omani mwaka 1982.

Mdiria ni kinyume chake. Hutulia hewani akipigapiga mbawa, hukazia macho samaki, kisha hujitosa kichwa mbele. Kiota chake ni shimo alichimbalo katika ukingo wa udongo. Hana budi, basi, kupata samaki, ukingo usiobomoka na maji yanayopenya macho.

Hapa ndipo penye uzito wa mlinganisho huu. Mmomonyoko wa udongo huko juu huyatia maji ya Sabaki rangi ya hudhurungi, na mashapo yake hufika hadi baharini Malindi. Choroa, ingawa uwindaji umempunguza, huweza kuustahimili ukame. Mdiria hutegemea matendo ya watu walio mbali naye.

Kwa kuhitimisha, mvuvi na mkulima wa Jilore wamo katika fungu la mdiria. Mwili wa binadamu hauna hazina ya choroa. Hivyo, kuyahifadhi maji ya Sabaki ni wajibu unaoanzia kwenye miteremko ya Athi.