Dhamana ya Zana za Umeme Inapofika Arua

Zana za umeme za daraja la juu, yaani mashine za mkononi za kukatia, kutoboa, kupigia randa na kusaga zinazotengenezwa na kampuni kama Makita ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1915, Bosch ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1886, au DeWalt ya Marekani, iliyoanza mwaka 1924, huuzwa kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya mashine zinazofanana nazo kwa umbo tu. Sehemu ya tofauti hiyo ya bei si chuma wala shaba, bali ni ahadi kwamba mashine ikiharibika kabla ya wakati wake kuna mtu atakayeipokea, ataifungua na kuitengeneza bila malipo. Ahadi hiyo ndiyo dhamana, ambayo madukani huitwa zaidi waranti. Katika mkoa wa West Nile nchini Uganda, kwa fundi wa mageti wa Arua au seremala wa Koboko, ambaye mara nyingi mashine moja ndiyo karakana yake nzima, thamani ya dhamana hutegemea kwanza umbali uliopo kati ya benchi lake na benchi la aliyeidhinishwa kuifungua mashine hiyo, na siku atakazokaa bila kazi akiisubiri. Maandishi ya kwenye kadi huja baadaye.

Yapo mambo mawili ambayo wauzaji wengi huyachanganya. La kwanza ni dhamana ya kiwandani, ambayo ni ahadi ya hiari ya mtengenezaji, kwa kawaida ya mwaka mmoja, ingawa katika baadhi ya nchi hurefushwa hadi miaka mitatu mnunuzi akiiandikisha mashine yake mtandaoni ndani ya wiki nne hivi tangu alipoinunua. Dhamana hii hufidia kasoro za malighafi na za uundaji, lakini haigusi sehemu zinazolika kwa matumizi ya kawaida, wala uharibifu uliotokana na kuzidishiwa mzigo, na hufutika pale mashine inapofunguliwa na mtu asiyeidhinishwa. La pili ni haki ya kisheria. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inachukulia kwamba ndani ya mauzo ya kibiashara mna sharti, hata lisipoandikwa, la kuwa bidhaa iwe na ubora unaokubalika sokoni na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Haki hii humkabili muuzaji mwenyewe, si kiwanda kilicho ng'ambo, na dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, ambapo wahusika hujieleza bila wakili. Kwa hiyo muuzaji wa Arua anayemwambia mteja aende Kampala akaulize kwa wakala aliyeidhinishwa na kiwanda hajajivua wajibu wake kwa kauli hiyo peke yake, mradi mteja ana risiti. Na tangu mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, EFRIS, uanze kutumika Januari 2021, kumbukumbu ya mauzo yaliyopitia mfumo huo haipotei hata karatasi yenyewe ikichanika mfukoni.

Mzozo mkubwa, hata hivyo, hauanzii mahakamani bali mezani kwa fundi wa wakala, anapofungua mashine ili aamue kama kosa ni la kiwanda au la mtumiaji. Katika mashine ya kukatia vyuma, maarufu kwa jina la grainda, umeme huingia kwenye rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyobanwa na springi na kusuguana na pete ya shaba iliyogawanyika katika vipande vingi vyembamba. Fundi huitazama pete hiyo na nyaya zilizo nyuma yake. Akikuta waya za rota zimekuwa nyeusi kuzunguka pande zote, na koili zisizozunguka zilizo kwenye ganda nazo zimeungua kwa kiwango hicho hicho, huandika kwamba mashine ilizidishiwa mzigo, na dai hukataliwa. Akikuta alama ya kuungua kwenye kipande kimoja au viwili vya shaba tu, huku koili nyingine zikiwa bado na rangi yake, hilo huelekeza kwenye kasoro ya kiwandani. Mteja ana haki ya kuonyeshwa rota hiyo kabla ya kukubali uamuzi, na wateja wengi hawajui kwamba wanaweza kuiomba.

Kuna pia mashine zinazopelekwa kwa wakala zikiwa hazijaharibika kabisa. Kaboni za kampuni kadhaa kubwa zina pini ndogo ya ndani ambayo, kaboni ikishalika kufikia kiwango fulani, hujitokeza na kukata umeme ili shaba isikwaruzwe, na mtumiaji hudhani mota imekufa ilhali kinachohitajika ni jozi mpya ya kaboni, kazi ya dakika chache kwa bisibisi. Grainda kukaa wiki mbili nje ya karakana kwa sababu ya kaboni ni hasara isiyo na sababu yoyote, na lawama yake ni ya mfumo wa huduma usiomwachia fundi wa mtaani hata kazi hiyo.

Hukumu ya kuzidishiwa mzigo inahitaji uangalifu wa pekee katika West Nile, kwa kuwa mkoa huu uliishi kwa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ukitegemea kampuni ya umeme ya WENRECo, jenereta za mafuta na, tangu mwaka 2012, bwawa dogo la Nyagak lenye uwezo wa megawati 3.5, na karakana nyingi zilizoea kuwasha jenereta zao wenyewe. Mashine iliyoundwa kwa volteji 240, yaani msukumo wa umeme wa kawaida nchini Uganda, ikilishwa na jenereta ndogo au kwa waya mrefu na mwembamba, hupata msukumo pungufu, hivyo huzunguka polepole. Feni ya kuipooza, ambayo imefungwa kwenye mhimili uleule, nayo hupunguza upepo. Fundi huona kazi haiendi na kuikandamiza zaidi. Mkondo huongezeka, joto hupanda, na vanishi inayozitenga waya huungua. Rota hiyo ikifika Kampala itasomeka kama ya mtumiaji aliyeitesa mashine. Wakala anayeuza katika mkoa wa namna hii bila kumweleza mnunuzi unene wa waya unaofaa na ukubwa wa jenereta unaotakiwa amechangia uharibifu ambao baadaye ataukataa.

Kutoka Arua hadi Kampala ni takriban kilomita 480, na anayetoka Koboko huongeza zaidi ya 50. Kadi nyingi za dhamana humtaka mteja ajigharimie kuifikisha mashine kwenye kituo kilichoidhinishwa, kwa hiyo mashine hufungwa kwenye boksi, hupelekwa kwa basi la usiku kama kifurushi, na hutegemea jamaa aliyeko Kampala aipokee, aipeleke na kuifuatilia. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo Septemba 2024, hata njia hiyo ililazimika kuzunguka. Betri za lithiamu huongeza ugumu, kwani iliyovimba au kuharibika haipaswi kusafirishwa ikiwa imebanwa katikati ya mizigo ya abiria.

Mpaka nao una sheria zake. Mashine iliyonunuliwa Juba, Sudan Kusini, au Ariwara, Kongo, au iliyoletwa na ndugu kutoka Dubai, inaweza kuwa halisi kabisa na bado isihudumiwe Uganda, kwa sababu dhamana nyingi hufungamana na nchi ya mauzo, na wakala halipwi na kiwanda kwa kutengeneza mashine ambayo hakuiingiza yeye. Hali inayofanana na hiyo huwapata vijana wanaohitimu mafunzo ya ufundi katika makazi ya wakimbizi kama Rhino Camp, Imvepi na Lobule, pale wanapopewa seti za zana na mashirika: risiti hubaki kwenye faili la ofisi, na kijana hubaki na mashine isiyo na uthibitisho wa mauzo.

Mfano bora wa namna nyingine ya kuuza upo kwa Stihl, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1926, ambayo katika nchi nyingi misumeno yake ya mnyororo huuzwa na maduka yenye karakana, yanayomkabidhi mteja mashine iliyokwisha kujaribiwa na kumwonyesha matunzo yake. Arua, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020 na inayohudumia wanunuzi kutoka Koboko, Yumbe na hata ng'ambo ya mpaka wa Vurra, ina soko la kutosha kuistahilia karakana ya namna hiyo: yenye kaboni, swichi na rota za mashine zinazouzwa sana, yenye mashine ya kumwazima mteja anayesubiri, na yenye duka la kupokelea mashine pale Koboko. Wanunuzi binafsi hawana nguvu ya kuidai, lakini mashirika na halmashauri zinazonunua zana kwa wingi zinayo, kwani zinaweza kuandika katika zabuni kwamba muuzaji atatengeneza Arua kwenyewe, atabeba gharama za usafiri iwapo mashine italazimika kwenda Kampala, na atasajili kila namba ya mashine kwa jina la fundi atakayeitumia.