Mchoraji na Galari: Nani Anabaki na Nini?

Kila tunapotembelea vikundi vya vijana hapa Machakos, hakosi mmoja ambaye daftari lake la hesabu limejaa picha. Mzazi atakwambia, "Huyu naye kazi yake ni kuchorachora tu." Sisi huwa tunauliza swali lingine: hizo picha ataziuza wapi, na akishauza atabaki na nini?

Ukambani si wageni wa sanaa. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza kuchonga vinyago akiwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alirudi na ujuzi huo nyumbani, majirani wakaufuata, na Wamunyu ikajulikana hata ng'ambo. Wakamba waliohamia Mombasa walianzisha ushirika wao wa kuchonga pale Changamwe mwaka wa 1963. Ushirika uliwapa soko, na ada za shule zikalipwa. Lakini mtazame yule twiga wa mbao kwenye duka la watalii. Nani alimchonga? Hakuna ajuaye. Twiga mia wanafanana, na mnunuzi anavuta bei hadi shilingi ya mwisho kwa sababu asipompata huyu atampata wa jirani. Kitu kisicho na jina huuzwa kama kabichi.

Mchoraji anayepitia galari, yaani nyumba ya kuonyesha na kuuza picha, huuza na jina lake. Mfano tunao papa hapa Ukambani. Kivuthi Mbuno alizaliwa Mwingi mwaka wa 1947, akafanya kazi ya kupikia wasafiri wa porini. Hakusomea sanaa shuleni. Alichora kwa penseli za rangi watu na wanyama wa nyikani, wenye miguu mirefu na macho makubwa, na Gallery Watatu ya Nairobi ikamwonyesha. Galari hiyo ilifunguliwa 1969 na sasa imefungwa, lakini kazi za Mbuno zimo katika mkusanyiko wa Jean Pigozzi huko Uswisi. Hakuna anayeziita "picha za Kikamba" tu. Ni picha za Mbuno.

Si kwamba njia hiyo ni laini. Sane Wadu alikuwa mwalimu, akaacha chaki ili achore. Watu wakasema kapata wazimu. Yeye akajiita Sane, maana yake kwa Kiingereza ni mtu mwenye akili timamu! Mwaka wa 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI jijini Nairobi iliandaa maonyesho makubwa ya kazi zake za miaka mingi. Wazazi, hesabuni wenyewe hiyo miaka.

Sasa galari inafanyaje kazi? Mara nyingi hainunui picha yako. Unaiacha pale, ikiuzwa wanakata kamisheni, na hiyo kwa kawaida ni kati ya 30 na 50 kwa mia. Tuseme picha imeuzwa shilingi 20,000 na kamisheni ni 40 kwa mia. Galari inachukua 8,000, wewe 12,000. Ondoa rangi, kitambaa, fremu na nauli, sema 4,000, unabaki na 8,000. Vijana wengi wakisikia hivyo hukasirika, ati wanaibiwa. Si lazima iwe wizi. Kodi ya nyumba, taa, ulinzi na kutafuta wanunuzi vyote hugharimu. Wizi huja pale ambapo hakuna karatasi. Picha kumi zimeachwa, hakuna orodha yenye sahihi, mwaka umepita, galari imehama. Utadai nini?

Kwa hiyo usiache picha hata moja bila orodha inayoonyesha jina la picha, vipimo vyake, bei, kamisheni, tarehe ya kulipwa baada ya mauzo, na siku ya kuichukua isipouzwa. Nakala moja ibaki kwako. Picha yenyewe uitie sahihi, uipige na simu kabla haijatoka nyumbani.

Kuna jambo ambalo wachoraji wachache wanalijua. Anayenunua picha ananunua ile picha ya ukutani, hanunui ruhusa ya kuichapisha kwenye kadi au fulana. Ruhusa hiyo ni hakimiliki. Kwa sheria ya Kenya ya 2001 inabaki kwa mchoraji maisha yake yote, na kwa warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Marekebisho ya 2019 yaliongeza kwamba picha ikiuzwa tena kibiashara, mchoraji ana haki ya 5 kwa mia ya bei hiyo. Iliyouzwa kwanza 12,000 ikifika 100,000, hapo kuna 5,000 zako. Bila jina na karatasi, nani atakutafuta?

Lakini sheria hiyohiyo ina mtego. Ukiagizwa kazi na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hili linawagusa vijana wetu kuliko mambo ya galari, kwa sababu kazi nyingi huku kwetu ni za kuagizwa: ukuta wa shule, hoteli, kinyozi, na kanisa pia. Makanisa yametoa kazi kubwa za sanaa. Katika miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, alichora maisha ya Kristo kwenye kuta za kanisa la Kianglikana Murang'a, na nyuma ya watu wake akaweka milima na miti ya Kikuyuni. Mpaka leo ukitaja kanisa lile, jina lake linatajwa.

Basi ukiitwa kupaka ukuta, kabla ya kufungua mkebe wa rangi, andikeni mistari michache mbele ya shahidi: "Mchoraji anabaki na hakimiliki ya kazi hii. Jina lake litaandikwa kwenye kona ya chini. Malipo ni shilingi kadhaa, nusu kabla ya kuanza." Wote wawili watie sahihi. Na kamati za parokia zinazoagiza michoro, karatasi hiyo iandaliweni nyinyi, msingoje kijana aiombe.