Ngiri haiponi kwa dawa ya kunywa: fahamu upasuaji wake na wakati wa kwenda hospitali

Katika meseji mnazotutumia kutoka Unyambwa na kata jirani, swali hili halikosi: ngiri inatibiwa kwa dawa gani? Jibu fupi ni kwamba hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka inayoponya ngiri. Tuone kwa nini.

Ngiri ni nini?

Mtaani tunaita ngiri mambo mengi: maumivu ya kiuno, tumbo kunguruma, hata kupungua nguvu za kiume. Hospitalini, ngiri au henia ni jambo moja tu. Utumbo au mafuta ya tumboni hupenya mahali ambapo ukuta wa misuli ya tumbo umelegea au una tundu, na uvimbe ukaonekana nje.

Fikiria gunia la alizeti lililofumuka mshono. Ukirudisha mbegu ndani, zitatoka tena ukilinyanyua. Gunia hilo linahitaji kushonwa, na ngiri ni hivyo hivyo. Ndiyo maana uvimbe hutokeza ukikohoa, ukilima au ukibeba mzigo, na hurudi ndani ukilala.

Mara nyingi hutokea kwenye kinena, na kwa wanaume huweza kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Pia hutokea kitovuni au kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Wanawake hupata pia, na ngiri inayotokea juu ya paja, ambayo huwapata zaidi wao, ni rahisi kubanwa.

Busha ni kitu kingine. Ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na kwa kawaida hayarudi tumboni ukilala. Kwa hiyo ukifika kwa daktari usiseme tu "nina ngiri". Mwonyeshe mahali penyewe.

Hatari iko wapi?

Utumbo ukibanwa kwenye tundu, damu hukatika na utumbo huanza kufa ndani ya saa chache. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 452 wa ngiri ya kinena. Karibu 45 katika kila 100 walifika baada ya kukaa nayo zaidi ya miaka 5. Baadhi yao walipasuliwa kwa dharura.

Dalili za hatari ni hizi:
- uvimbe umekuwa mgumu, unauma na haurudi ndani
- kutapika na tumbo kujaa
- kushindwa kupata choo wala kutoa hewa
- homa, au ngozi ya uvimbe kubadilika rangi

Ukiziona, usikande wala kusukuma kwa nguvu. Usile wala kunywa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Upasuaji hufanywaje?

Daktari hurudisha utumbo ndani, kisha huziba tundu. Kuna njia kuu tatu. Ya kwanza ni kushona misuli yenyewe kwa nyuzi. Ya pili ni kuweka wavu maalumu unaoimarisha ukuta, na kwa watu wazima wavu hupunguza uwezekano wa ngiri kurudi. Ya tatu ni kupitia matundu madogo kwa kutumia kamera, ambayo hupatikana katika hospitali chache kubwa.

Gharama ya wavu ilikuwa kikwazo, na jirani zetu wa Uganda wameonyesha njia. Utafiti wa wanaume 302 mashariki mwa nchi hiyo, uliochapishwa mwaka 2016, ulitumia kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, kilichotakaswa hospitalini. Matokeo hayakutofautiana sana na ya wavu wa bei kubwa.

Ganzi inaweza kuwa ya sehemu hiyo tu, ya mgongo, au nusu kaputi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au siku chache baadaye. Kidonda kinaweza kupata maambukizi, maumivu yanaweza kubaki, na ngiri inaweza kurudi, hivyo muulize daktari wako. Lakini upasuaji huu haukati uume wala haulengi kupunguza nguvu za kiume.

Na watoto?

Ngiri ya kitovu kwa mtoto mdogo mara nyingi hujifunga yenyewe kabla ya miaka 5. Kumfunga sarafu hakusaidii. Ngiri ya kinena haijifungi, hivyo mtoto apelekwe mapema.

Panga siku yako

Anzia zahanati au kituo cha afya, upate rufaa ikihitajika. Kwa watu wa Unyambwa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko humu humu manispaa. Uliza gharama na bima yako mapema. Kwa sera ya Serikali, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha.

Ngiri ndogo isiyouma daktari anaweza kushauri kuiangalia kwanza. Akisema upasuliwe, tumia kiangazi baada ya mavuno, kwani utahitaji wiki 4 hadi 6 bila jembe wala gunia. Mvua zikianza utakuwa umepona. Ukingoja ibanwe, haitakuuliza kama umemaliza kupanda.