Fahamu: Kwa nini walimu wa hisabati husoma wakati wa likizo

Shule zikifungwa, baadhi ya walimu wa hisabati wa sekondari nchini Kenya hurudi darasani wao wenyewe. Mpango huo wa mafunzo ulianza 1998, serikali iliposhirikiana na JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani, kuujaribu katika wilaya 9 kwa jina la SMASSE. Leo unaendeshwa na CEMASTEA, kituo kilichoko Karen, Nairobi: wakufunzi wa kitaifa huwafunza wa kaunti, nao huwafunza wenzao.

Kiini chake ni kumbandua mwalimu ubaoni. Badala ya kukaririsha kanuni, abuni zoezi kwa vitu vilivyopo. Kijiti, kamba na kivuli vyatosha kukadiria urefu wa mbuyu, na pembetatu zinazofanana zikaeleweka. Kisha apange, afundishe, atazame, arekebishe. Kwa shule ya Mata, kule Taveta, mbali na maduka ya vifaa, kutumia vitu vilivyopo ndiko kwenye faida. Udhaifu, kwa maoni yangu, uko katika zile ngazi za wakufunzi: mafunzo yakishuka, hupungua.

Na sasa mzigo umeongezeka: tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ina hisabati ya aina mbili: moja ya mkondo wa sayansi na teknolojia, nyingine nyepesi zaidi. Mwalimu mmoja huenda akafundisha zote, na siku chache za likizo hazimtoshi.