Mbwa mzee anayejikuna haumwi uzee

Ganako, pale mashamba ya Karatu yanapopakana na msitu wa Ngorongoro, mbwa ni mlinzi wa kweli. Ndiye anayebweka fisi akinyemelea zizi la mbuzi, ndiye anayewakabili nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi. Akifika miaka minane au tisa mwendo unapungua, macho yanaingia ukungu, na wengi huanza kujikuna usiku kucha. Watu humtazama wakasema, "Uzee huo." Kisha humwacha hivyo hivyo, au humpaka oili chafu.

Uzee hauwashi. Mbwa mzee anayejikuna ana ugonjwa, na ugonjwa huo una chanzo cha kutafutwa kabla ya kununua dawa yoyote.

Ukanda huu umewahi kuona ngozi ikiua. Mwaka 1962 nzi wanaouma walifurika ndani ya kreta ya Ngorongoro, wakawashambulia simba hadi miili ikajaa vidonda. Simba walipanda miti na kujificha kwenye mashimo ya fisi ili kuwakwepa. Kati ya makumi ya simba waliokuwepo, walibaki kama kumi tu. Nzi wa jamii hiyo wamo pia kwenye mazizi yetu, nao hupenda ncha za masikio ya mbwa. Ukiona masikio ya mbwa wako yana magaga meusi na damu, angalia kwanza samadi iliyorundikana karibu na anapolala, maana humo ndimo nzi hao wanamozaliana.

Vipimo vya nyumbani

Mchane mgongoni, hasa karibu na mkia, juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Chembe nyeusi zikidondoka na kuacha madoa mekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya mbwa wako mwenyewe.

Kisha shika ukingo wa sikio, uusugue taratibu kati ya vidole viwili. Mguu wa nyuma ukianza kukuna hewani, shuku wadudu wa upele, hasa kama manyoya yamenyonyoka viwikoni na watu wa nyumbani nao wanawashwa mikononi au tumboni. Malizia kwa kutazama katikati ya vidole vya miguu, wanakojificha kupe na funza.

Usipoona kitu, umri wenyewe unampa daktari fununu. Mzio wa vumbi na chavua kwa kawaida huanza mbwa akiwa kati ya miezi sita na miaka mitatu. Aliyeishi miaka tisa bila shida kisha akaanza ghafla, huenda ana hitilafu ya homoni. Mbwa wa namna hiyo anaweza kunywa maji mengi kupita kawaida, tumbo likashuka na manyoya yakapungua mbavuni pande zote mbili. Ngozi ikishadhoofika, bakteria na fangasi huingia, na hapo ndipo mwasho unapoanza. Na anayelamba kiungo kimoja tu kila siku huenda ngozi yake ni nzima, ila mfupa unamuuma.

Dawa zinazoua

Oili chafu ni sumu, na mbwa huilamba yote. Baadhi ya dawa za josho zikichanganywa kwa kukisia humlegeza mbwa na kupunguza mapigo ya moyo. Sindano ya ng'ombe ya ivermectin hupimwa mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Kwa mbwa wa kilo 15, ni rahisi mkono kuzidisha kipimo, na wako mbwa wa koo fulani za kizungu wasioistahimili kabisa. Vidonge vya binadamu vya maumivu, kama diclofenac, huharibu tumbo na figo za mbwa.

Tiba njema inahitaji subira. Kama ni viroboto, tibu mbwa na paka wote wa nyumbani kwa dawa inayofaa kila mmoja, kwa sababu baadhi ya dawa za mbwa huua paka. Sehemu kubwa ya viroboto, kama asilimia 95, wako ardhini na kwenye matandiko wakiwa mayai, lava na pupa. Fagia kibanda, fua na anika magunia juani, na endelea kwa miezi mitatu. Kwa vidonda vya bakteria na fangasi, shampuu yenye klorheksidini ikae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuza. Kama chakula kinashukiwa, mpe kwa wiki nane wanga wa aina moja na nyama ya aina moja ambavyo hajawahi kula, nyama ya sungura kwa mfano, bila mifupa wala makombo mengine. Prednisolone hutuliza mwasho haraka, lakini ikitumika muda mrefu bila daktari hudhoofisha ngozi na kualika maradhi mengine.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Basi siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa usipeleke mbwa vijana peke yao. Mpeleke na mzee, umweleze daktari wa mifugo mwasho ulianza lini, ulianzia wapi mwilini na umeshampaka nini. Mlinzi aliyekesha miaka yote hiyo kwa ajili yetu anastahili kulala usiku bila kujikuna.