Punguza kilo, tunza bolti

Mkulima wa kahawa wa Muleba hauzi gunia lake kwa kukisia. Anataka mizani, anataka kuona mshale umesimama wapi, na anataka namba iandikwe akiwa hapohapo. Kwenye magari hatuko hivyo. Kijana ananunua Toyota Altezza, anasikia kwamba gari jepesi ndilo linalokimbia, na wiki hiyohiyo yuko gereji anang'oa viti, zulia na bomba la moshi. Ukimuuliza ametoa kilo ngapi, hajui. Ukimuuliza bolti ziko wapi, hajui pia.

Nia yake si mbaya. Uzito ni adui wa kweli wa gari la spoti, na kuupunguza ni kazi nzuri kuliko nyingi zinazofanyika kwenye injini. Lakini gari la barabarani si gari la mashindano. Linapeleka watu kazini Bukoba mjini, linabeba mgonjwa usiku, linakwenda msibani kijijini, na siku moja litauzwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ushauri wangu una sharti moja: usitoe kitu chochote ambacho huwezi kukirudisha mahali pake kwa spana zilezile ulizokitolea.

Kilo hamsini zina thamani gani?

Tuichukue Altezza yenyewe, kwa kuwa ndiyo spoti ambayo vijana wengi wanaweza kuifikia. Ilitoka Japani mwaka 1998 na ikaundwa hadi 2005. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Aina ya RS200 yenye gia za mkono ina injini ya lita 2 yenye nguvu ya farasi 210, na gari zima lina uzito wa kilo 1,350 hivi. Injini iko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma. Jambo hilo la mwisho lishike, tutalirudia.

Weka dereva na mafuta, tuseme jumla ni kilo 1,450. Ukitoa kilo 50, gari litaongeza mwendo sawasawa na lile la kilo 1,450 ambalo injini yake imeongezewa farasi saba na nusu. Kupata farasi saba kwenye injini ambayo kiwanda kimeshaikamua vizuri ni gharama kubwa. Kilo 50 unaweza kuzipata Jumamosi moja bila kufungua injini.

Tena faida ya wepesi haiishii kwenye kukimbia. Gari likipungua uzito, breki zina joto dogo zaidi la kumeza, tairi zinabeba mzigo mdogo kwenye kona, na mafuta yanayotumika kupanda mlima yanapungua. Waingereza wa Lotus, kampuni iliyoanzishwa na Colin Chapman mwaka 1952, walijenga jina lao juu ya wazo hilo. Lotus Elise ya mwaka 1996 ilikuwa na farasi 118 tu, lakini kwa kuwa ilikuwa na kilo zipatazo 725, kila tani yake ilipata farasi 163 hivi. Altezza yetu ya farasi 210, kwa hesabu hiyohiyo, inapata kama 155.

Lakini tusidanganyane. Chukua gari likienda kilomita 80 kwa saa kuteremka mlima. Ukiwa umetoa kilo 50, joto ambalo breki zitapaswa kulimeza ili lisimame limepungua kwa asilimia tatu na ushee. Gari hilohilo likienda kilomita 100 badala ya 80, joto hilo linaongezeka kwa asilimia 56. Mguu wa dereva una uzito kuliko chochote utakachokitoa. Anayepunguza kilo ili apate ruhusa ya kukimbia zaidi kwenye kona za Muhutwe amekosea hesabu tangu mwanzo.

Anza na mizani

Siku tulipoanza kazi hii nyumbani, niliazima mizani ya kuning'iniza, ile ya saa inayotumika kupimia kahawa. Tukaifunga kwenye boriti ya stoo, tukafungua buti la gari na kutundika kitu kimoja kimoja kwa kamba. Tairi la spea: kilo 17. Boksi la woofa na amplifaya yake: kilo 24. Jeki na mfuko wa spana: kilo 6. Kisha tukatundika mkungu wa ndizi uliokuwa umelala humo tangu tuliporudi kijijini siku mbili nyuma. Mshale ukasimama kwenye 31.

Hakukuwa na kitu kizito kuliko mkungu ule, na kuutoa hakukuhitaji hata spana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba magari yetu mengi hayakuzaliwa mazito, tumeyanenepesha wenyewe. Dumu la maji la akiba, viatu vya shamba, vipuri vya zamani ambavyo fundi alikurudishia ukavisahau, spika kubwa, spoila ya bati nene, rimu za inchi 18 zilizonunuliwa kwa ajili ya kung'aa. Hata matope mekundu yanayoganda ndani ya matao ya magurudumu baada ya safari ya kijijini ni kilo, na yakiganda ndani ya rimu upande mmoja yanaufanya usukani utetemeke.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuosha gari, chini na juu, na kulirudisha katika hali ya kiwandani. Ya pili ni mafuta. Lita moja ya petroli ina gramu 740 hivi, na tangi la Altezza ni lita 70. Likijaa unabeba zaidi ya kilo 50. Kwa mizunguko ya mjini nusu tangi inatosha. Usishuke chini ya robo kwa mazoea, maana pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na mafuta yenyewe.

Magurudumu: kilo moja yenye kazi mbili

Baada ya hapo, fedha ya kwanza uitumie kwenye magurudumu. Kilo iliyoko kwenye gurudumu si sawa na kilo iliyoko kwenye kiti. Gurudumu linasonga mbele pamoja na gari na wakati huohuo linazunguka, hivyo injini inalisukuma kwa kazi mbili. Uzito ulioko pembezoni kabisa, pale tairi linapogusa lami, unahesabika karibu mara mbili wakati wa kuongeza mwendo.

Kuna jambo la pili linalotuhusu zaidi sisi wa Kagera. Gari lote limekaa juu ya springi, isipokuwa magurudumu, breki na vyuma vinavyovishika. Gurudumu zito likigonga shimo linaruka kwa nguvu, na shokapu inapata shida kulirudisha chini. Kwa muda huo mfupi tairi haligusi barabara, na tairi lisilogusa barabara halina breki wala usukani. Gurudumu jepesi linafuata barabara vizuri zaidi.

Rimu nyepesi zilizoundwa kwa kugandamizwa zinaweza kukupunguzia kilo mbili au tatu kwa kila gurudumu, ila ni ghali, na sokoni zimejaa za kuigiza ambazo hupasuka. Njia ya bei nafuu ni kushuka inchi. Rimu ya alumini ya inchi 16, yenye nati tano na kipimo cha 5x114.3, ikiwa na tairi lenye ubavu wa kutosha, mara nyingi ni nyepesi kuliko ile ya inchi 18, na ukiacha lami kuingia vijijini haipindi ovyo. Hakikisha tu haigusi breki. Zile za zamani zihifadhi zikiwa zimelala, si kwa kuzisimamisha kwenye kona ya stoo.

Vinavyotoka na kurudi

Betri ya kawaida ya asidi ina kilo 12 hadi 18. Ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma inayowasha injini kama hii inaweza kuwa na kilo 4 au 5. Ni mabadiliko ya dakika chache, lakini kwanza fundi umeme apime chaji ya altaneta, na betri isikae karibu na joto. Woofa inatoka kwa kuchomoa plagi; ncha za nyaya zifunge vizuri zisije zikagusana na bodi. Kiti cha nyuma kinatoka kwa bolti chache. Kikishatoka, hakuna abiria nyuma, hata mtoto, hata kwa safari ya mtaa mmoja.

Sasa turudi kwenye lile jambo la magurudumu ya nyuma. Spea, woofa, kiti cha nyuma na mizigo ya buti vyote viko nyuma. Ukivitoa vyote kwa pamoja, umeyapunguzia mzigo magurudumu yaleyale yanayosukuma gari. Kwenye lami kavu hutalihisi sana. Bukoba hunyesha mvua karibu mwaka mzima, na katika kona yenye maji, gari linalosukumwa kwa nyuma na lenye nyuma nyepesi hurusha mkia mapema. Ndiyo maana nasisitiza utoe kidogo kidogo, uendeshe siku kadhaa kwa upole, upime upepo wa tairi kulingana na kibandiko cha mlangoni, ndipo uendelee. Na tairi ziwe na kashata nzima. Kilo 50 haziwezi kufidia tairi kipara.

Visivyoguswa

Mikanda haiguswi. Viti vya mbele vyenye mifuko ya hewa ubavuni haviguswi, kwa sababu kiti cha mashindano utakachofunga hakina mfuko huo. Vyuma vilivyo ndani ya milango na nyuma ya bampa vinaonekana kama mzigo hadi siku ya ajali. Gundi nyeusi ya sakafuni inayozuia kelele na joto ukiibandua hairudi tena. Masega ya ekzosi, yale matundu yanayosafisha moshi, yaache yalipo. Mtoto anayetembea pembeni mwa barabara ndiye atakayeuvuta moshi wako. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari ni kilo chache unazopaswa kuzibeba.

Kiyoyozi nacho kiache. Wengi hudhani ni cha starehe. Mvua ikishika kati ya Kemondo na Muhutwe, vioo vyote vikajaa ukungu kwa ndani, kiyoyozi ndicho kinachokausha hewa na kukurudishia macho.

Kuna wanaotazama magari ya Safari Rally kule Naivasha au Pearl of Africa Uganda, wakaona ndani hamna zulia wala viti vya nyuma, wakaiga. Magari yale yametolewa zulia, lakini yameongezewa fremu ya mabomba ya chuma, mikanda ya mabegani na mitambo ya kuzima moto, na dereva amevaa helmeti. Kuiga kile kilichotolewa na kuacha kilichoongezwa ni kujitafutia hatari.

Daftari na mifuko

Miaka ya nyuma niliwahi kutoa kiti cha nyuma cha gari langu na kukisukuma stoo. Bolti nilizitia kwenye kopo moja na misumari. Nilipotaka kuliuza, bolti mbili hazikuonekana, panya walikuwa wametoboa sponji, na unyevu wa ziwa ulikuwa umeshika vyuma kutu. Mnunuzi alikagua kimya, akashusha bei, na alikuwa na haki.

Tangu hapo nina utaratibu. Kabla ya kufungua, napiga picha. Kila kifaa na mfuko wake wa plastiki: bolti, nati na vibano humo humo, karatasi yenye jina la sehemu, na mfuko unafungwa kwenye kifaa chenyewe. Vyuma napaka oili kidogo. Viti nafunika na kuviweka juu ya mbao, mbali na sakafu. Tundu lililobaki wazi naliziba kwa mpira ili maji yasiingie. Kwenye daftari naandika tarehe, uzito kwa mizani, na spana namba ngapi ilitumika. Mwenye bima kubwa amweleze wakala wake alichobadilisha, mapema na kwa maandishi.

Faida kubwa ya utaratibu huu ni kwamba gari linakuwa na hali mbili, na unachagua. Jumatatu hadi Alhamisi nikiwa mjini, ambako gereji haziko mbali, tairi la spea linabaki stoo. Ijumaa jioni linarudi ndani ya buti pamoja na jeki, kwa sababu kesho ni Muleba, na huko ndani pancha ya usiku haina wa kuisaidia. Kazi hiyo inanichukua dakika kumi. Kisha naandika kwenye daftari: spea imerudi, kilo 17. Na kwenye buti nahakikisha nimeacha nafasi ya mkungu, maana mama hawezi kuniacha niondoke mikono mitupu, na kilo zile sitazikataa.