Uwanja Kwanza, Jengo Baadaye: Kupanga Kituo cha Michezo na Utamaduni kwa Watoto wa Mjini

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika Ibara yake ya 31, unatambua haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa. Haki hiyo huhitaji mahali pa kutimilizwa. Katika miji yetu, viwanja vya wazi vinageuka kuwa nyumba na fremu za maduka, nao watoto wanabaki kucheza rede na mpira barabarani, katikati ya bodaboda. Parokia ya mjini iliyojaliwa eneo la wazi ina hazina mikononi mwake. Je, ianzie wapi?

Mfano wa Valdocco

Mtakatifu Yohane Bosko, aliyepewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1841, aliwakuta mjini Torino, nchini Italia, vijana wengi waliotoka mashambani kutafuta kazi, wengine wakiishia gerezani. Akaanza kuwakusanya siku za Dominika na sikukuu kwa ajili ya sala, katekesi na michezo. Kusanyiko hilo likaitwa oratorio. Kwa muda walihamahama, kwa kuwa kelele zao ziliwaudhi majirani. Hatimaye, siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, walipata makao Valdocco: banda duni pamoja na uwanja wa kuchezea. Banda lilikuwa la chini mno, hata sakafu yake ikalazimika kuchimbwa. Likawa kikanisa chao, na uwanja ukawa sebule yao. Masomo ya jioni, muziki, maigizo na karakana za ufundi vilizidi kustawi hapo, na mwaka 1852 Kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Sale likatabarukiwa.

Utaratibu huo ndio fundisho lenyewe: watoto walitangulia, uwanja ukafuata, majengo yakaja kwa kadiri ya mahitaji.

Kutoka fundisho hadi ramani

Kwanza, uwanja uwe katikati, na vyumba viuzunguke. Don Bosko alisisitiza malezi yanayozuia ubaya kabla haujatokea, mlezi akiwa kati ya watoto kama baba na rafiki. Kwa hiyo ofisi ya mlezi ielekee uwanjani, milango ya vyumba iwe na vioo, wala pasiwepo kichochoro kisichoonekana. Lango liwe moja, lenye mtu anayefahamika. Huu ndio ulinzi wa mtoto uliojengwa ndani ya kuta.

Pili, kila umri upewe nafasi yake. Wakubwa wakiachiwa uwanja wote kwa kandanda, wadogo na wasichana husukumwa pembeni. Patengwe mahali pa kuruka kamba, pa bao, na kivuli cha miti kwa wasimulizi wa hadithi. Njia ziwe na mteremko mwepisi kwa mtoto mwenye kiti cha magurudumu. Vyoo vya wasichana na wavulana vitenganishwe, na maji ya kunawa yawe karibu.

Tatu, utamaduni usisubiri ukumbi wa fahari. Baraza pana iliyoinuliwa kidogo hutosha kuwa jukwaa la ngoma, ngonjera na maigizo. Chumba kimoja chenye mwanga wa kutosha huwa maktaba. Chumba cha ngoma kiwe mbali na kanisa na madirisha ya majirani, ili kelele zilizowahamisha watoto wa Torino zisiwahamishe na wa kwetu.

Fedha zikiwa chache, uzio, maji, vyoo na kivuli vitangulie. Lakini jengo lisilo na mlezi ni ghala tu. Mshahara na malezi ya walezi viingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Wito kwa parokia

Fremu za maduka huleta kodi kila mwezi, na mahitaji ya parokia ni ya kweli. Hata hivyo, kiwanja kikishajengwa hakirudi. Kabla ya kuidhinisha ramani yoyote, halmashauri ya walei iketi na wazazi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, iwasikilize na watoto wenyewe, kisha iweke alama kwenye ramani: hapa watacheza watoto.